Printa Rahisi, Wino Ghali: Nani Hulipia Rasimu Zetu?

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina uhusiano gani na wino wa printa. Kurasa hizi zimezoea mijadala ya ushairi huru na ushairi wa arudhi, ya istilahi, ya Kiswahili sanifu na Sheng, na ya nafasi ya lahaja katika fasihi. Siidharau mijadala hiyo, nami nimeishiriki. Lakini kila mmoja wetu aliyewahi kuandika tasnifu anajua kwamba kabla hoja haijamfikia msimamizi, ni sharti ipite katika tundu jembamba kuliko unywele, na kwamba tundu hilo lina mwenyewe, naye hutoza ushuru. Makala haya yanauhusu ushuru huo. Ninashikilia kwamba printa ya nyumbani inayouzwa kwa bei ya chini ni mkopo ambao masharti yake hayasomwi kwa mkopaji, na kwamba idara zetu, kwa kudai kila rasimu iletwe kwa karatasi, zimekuwa zikimsaidia mkopeshaji kukusanya deni lake.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi tunaitumia bila kuijua. Printa ya wino wa majimaji, ile iliyo katika nyumba nyingi na ofisi nyingi ndogo, hurusha matone madogo mno ya wino kwenye karatasi kupitia matundu yaliyopangwa katika kichwa cha kuchapia. Katika aina iliyoenea sana, kila tundu lina kipashajoto chake. Umeme ukipita, wino ulio karibu huchemka kwa kufumba na kufumbua, kiputo hutokea, nacho kiputo husukuma tone nje. Mbinu hii iligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kampuni mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake, Canon ya Japani na Hewlett-Packard ya Marekani. Epson, nayo ya Japani, ilishika njia nyingine: badala ya joto, hutumia kipande kinachojikunja kikipitishwa umeme na kuukamua wino nje. HP ilitoa ThinkJet mwaka 1984, kisha DeskJet mwaka 1988 kwa bei iliyokaribia dola 1,000 za Marekani. Leo mwanafunzi akishuka Luthuli Avenue jijini Nairobi anaweza kurudi na printa mpya ndani ya boksi kwa shilingi 7,000 hivi.

Bei hiyo haikushushwa na maendeleo ya teknolojia pekee. Ilishuka pia kwa sababu faida ilihamishwa kutoka kwenye mashine ikapelekwa kwenye wino. Biashara ya wembe huendeshwa vivyo hivyo: mpini hutolewa kwa bei ya kutupa ili mnunuzi arudi kila mara kununua nyembe. Mnamo Januari 2024 Enrique Lores, mkurugenzi mkuu wa HP wakati huo, alilieleza jambo hili bila kificho katika mahojiano na televisheni ya CNBC. Kwa kampuni yake, alisema, kila mteja anaponunua printa huwa ni kitega uchumi, na mteja asiyechapisha vya kutosha au asiyetumia wino wa kampuni ni kitega uchumi kibaya. Namshukuru kwa uwazi wake. Mnunuzi hutoka dukani akiamini amenunua mashine, ilhali kwa upande wa pili wa kaunta yeye ndiye aliyenunuliwa, kwa punguzo la bei, na anatarajiwa kuzirudisha fedha hizo pamoja na riba.

Hebu tupige hesabu ya riba hiyo. Tuchukue katriji ndogo ya wino mweusi, ya aina inayotiwa katika printa hizo za shilingi 7,000. Ndani yake mna takriban mililita 4 za wino, yaani haujazi kijiko kimoja cha chai, na mtengenezaji anakadiria kwamba utatosha kurasa 120. Tuseme bei yake ni shilingi 1,800, bei ambayo mwenye duka hatashtuka ukiitaja. Kila ukurasa umegharimu shilingi 15 kabla ya karatasi, ilhali katika saiba nyingi zinazozunguka vyuo vyetu ukurasa huo huo hutozwa kati ya shilingi 5 na 10, karatasi ikiwemo na stima ikiwemo. Kwa kipimo cha lita, wino huo ni shilingi 450,000. Petroli, ambayo hutufanya tusubiri kwa hofu tangazo la tarehe 14 ya kila mwezi, ilipofikia shilingi 217 jijini Nairobi mnamo Oktoba 2023, nchi nzima ililalamika. Fedha za lita moja ya wino wa katriji zingenunua zaidi ya lita 2,000 za petroli hiyo iliyotuliza.

Na hizo kurasa 120 ni kurasa za nani? Makadirio ya watengenezaji hutokana na kurasa za majaribio ambazo wino hufunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi. Mchambuzi wa mashairi ya arudhi huenda akakaa karibu na kiwango hicho, kwa kuwa shairi lina ukarimu wa nafasi nyeupe kila upande. Labda hii ni sababu ya kiuchumi ya kuhimiza utafiti wa ushairi, na wenzangu wa riwaya wanisamehe. Lakini mtafiti wa tenzi anayechapisha picha za miswada ya hati za Kiarabu, mathalani ile ya mikusanyo ya William Hichens na W. E. Taylor iliyohifadhiwa SOAS mjini London, hana bahati hiyo. Karatasi ya mswada wa kale imegeuka rangi ya kahawia. Printa haijui kwamba ukahawia huo ni uzee tu. Huupaka wote, kutoka pembe hadi pembe, kwa wino wa rangi ambao ni ghali kuliko mweusi. Tunawahimiza vijana warudi kwenye miswada, nao wakirudi wanakuta mlangoni pana kiingilio.

Isitoshe, si wino wote unaonunuliwa unaofika kwenye karatasi. Mwaka 2013 shirika la watumiaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima printa zinazotumiwa kwa vipindi, kurasa chache leo na nyingine baada ya siku kadhaa, kama watumiavyo watu nyumbani. Lilikuta kwamba nyingi zilifikisha kwenye karatasi nusu tu ya wino au chini yake, na chache hazikupita asilimia 20 hadi 30. Uliosalia ulitumika kusafisha. Printa ikilala, wino hukauka katika matundu. Ikiamka, hujisafisha kwa kuupitisha wino mwingine na kuumwaga katika sifongo iliyo ndani ya mashine. Sifongo hiyo nayo huhesabiwa, na hesabu ikijaa baadhi ya mashine hugoma kabisa.

Hapa ndipo mazingira yetu yanapoongeza chumvi. Kitabu cha maelezo humwagiza mtumiaji azime printa kwa kitufe chake ili kichwa cha kuchapia kirudi mahali pake na matundu yafunikwe. Maelezo hayo yaliandikwa na mtu ambaye stima haimpotelei ghafla saa moja jioni. Kwetu stima ikikatika katikati ya ukurasa, kichwa hubaki wazi palepale kilipokuwa. Ikirudi asubuhi, matundu yamekauka na mashine inaanza upya kujisafisha kwa wino wa mwenyewe. Sijaona boksi lolote linalomweleza mnunuzi wa Kitale au wa Garsen kwamba kila kukatika kwa stima kunaweza kumtoza sehemu ya zile mililita 4.

Mzee wa taipureta hakuwa na taabu hii. Utepe wake ulipochoka, maandishi yalififia polepole. Aliyekuwa na haraka aliendelea kugonga, na msomaji aliyatambua maneno hata yalipokuwa kijivu. Katriji ya kisasa haifahamu kufifia kwa heshima. Chipu iliyobandikwa ubavuni hukadiria matone yaliyotumika, na makadirio yakifika mwisho, katika mashine nyingi neno ni moja: badilisha. Kama bado mna wino ndani, shauri yake. Usiku mmoja kabla ya kuwasilisha pendekezo langu la utafiti, printa niliyo nayo ilikataa kuchapisha kurasa 38 za maandishi meusi kwa sababu wino wa manjano ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na nukta ya manjano katika pendekezo lile; mada yangu ni riwaya, si uchoraji. Kipo kisingizio cha kiufundi, kwamba baadhi ya mashine huchanganya rangi ili kuupata weusi ulioiva, au hupitisha rangi zote ili matundu yasikauke. Nimekisoma kisingizio hicho na kukielewa. Bado saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama nje ya saiba iliyofungwa nikimngojea mwenyewe.

Ni wazi basi kwamba katriji imekuwa kufuli zaidi ya kuwa chombo cha kubebea wino, na historia ya kufuli hilo imeandikwa mahakamani. Kampuni ya Lexmark ya Marekani iliwahi kuuza katriji za tona kwa punguzo, kwa sharti kwamba mnunuzi azitumie mara moja tu kisha azirudishe. Kampuni ndogo iitwayo Impression Products ikawa inazinunua zilizokwisha, inazijaza, na kuziuza. Lexmark ikashtaki kwa msingi wa hataza. Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwenye hataza akishauza kitu, haki zake za hataza juu ya kitu hicho zimekwisha, awe amekiuza ndani ya nchi au nje. Kilichouzwa kimeuzwa. Ni kanuni ambayo mchuuzi yeyote wa soko la Kongowea angeitamka bila kwenda shule ya sheria.

Lakini lisilolindwa na sheria linaweza kulindwa na programu. Mnamo Septemba 2016 watu wa nchi mbalimbali waliokuwa na printa fulani za HP waliamka wakakuta mashine zao zimezikataa katriji za kampuni nyingine ambazo jana yake zilifanya kazi vizuri. Programu ya ndani ya mashine ilikuwa imebadilishwa. Malalamiko yalipozidi, HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja wake vya kutosha, ikatoa programu ya kuondoa zuio hilo katika mashine hizo. Utaratibu wenyewe, hata hivyo, haikuuacha. Desemba 2020 mamlaka ya Italia inayosimamia ushindani wa kibiashara iliitoza HP faini ya yuro milioni 10 kwa kutowafahamisha wanunuzi waziwazi kuhusu vikwazo hivyo. Izingatiwe kwamba kosa lililoadhibiwa Italia halikuwa bei ya wino. Lilikuwa ukimya.

Nasi tunayo silaha hiyo hiyo, ila imelala kabatini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa anayoinunua, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ilifuata nyayo hizo. Je, habari ya kwanza anayoihitaji mnunuzi wa printa si gharama ya ukurasa? Ingeweza kubandikwa kando ya bei: mashine hii shilingi 7,000, kila ukurasa mweusi shilingi 15. Pia ingemweleza kwamba katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi hutiwa wino pungufu kuliko zile za dukani, jambo ambalo mwanafunzi hulijua wiki ya tatu. Hapo mtu akiinunua, ameinunua macho wazi.

Suala hili huvurugwa makusudi na neno moja, nasi watu wa lugha tunapaswa kulichunguza. Wenye maduka hupenda kuita kila katriji isiyo ya kampuni iliyotengeneza printa kuwa "feki". Katriji inayobandikwa nembo ya kampuni isiyoitengeneza ni bidhaa ghushi. Huo ni ulaghai, na Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inauhusu. Katriji iliyotengenezwa na kampuni nyingine ikauzwa kwa jina lake yenyewe ni bidhaa mbadala, na katriji halali iliyojazwa tena ni katriji iliyojazwa tena. Kuvitia vitu vitatu katika neno moja ni kumsaidia mwenye kufuli. Mwenye kiosko anayejaza katriji kwa bomba la sindano katikati ya jiji, vidole vyake vikiwa vyeusi kama vya mwandishi wa hati wa zamani, hastahili kutajwa kwa sauti ile ile anayotajiwa mlaghai.

Haki iwatendekee watengenezaji pia. Katika printa nyingi za bei ya chini kichwa cha kuchapia kimo ndani ya katriji, hivyo anayenunua wino hununua pia matundu mapya na vipashajoto vyake; si maji ya rangi tu. Utafiti wa wino usiokauka tunduni lakini ukauke upesi kwenye karatasi si kazi ya mchezo. Wino mbaya wa kujaziwa huvuja, huziba, na hufifia. Najua tasnifu iliyogeuka zambarau kabla haijajalidiwa. Yote haya nayakubali. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba yanaeleza shilingi 450,000 kwa lita. Kampuni zenyewe zimethibitisha kwamba hayaielezi, kama tutakavyoona katika habari ya matangi.

Sasa tugeukie upande wetu, kwa maana ni rahisi kuwalaumu walio mbali. Tasnifu ya uzamili ya kurasa 130, kila sura ikirudishwa na kuchapishwa upya mara nne kabla ya kutetewa, ni kurasa 520. Kwa shilingi 15, wino pekee ni shilingi 7,800, zaidi ya bei ya printa yenyewe. Karatasi ni rimu moja na ziada, na nakala za wasahihishaji na kujalidi bado hatujavitaja. Kwa mtu mwenye ufadhili, hizi ni fedha za kukasirisha. Wengi wetu hatuna. Wanafunzi wengi wa uzamili katika idara za Kiswahili ni walimu wa shule za upili wanaosoma wakati wa likizo na mwisho wa wiki, wakilipa karo kutoka mshahara ule ule unaolisha nyumba. Mwalimu aliye Taveta au Lodwar hanunui printa kwa anasa. Huinunua kwa kuwa saiba iko mbali na msimamizi anataka karatasi. Na kwa kuwa hana shilingi 24,000 kwa mkupuo, hununua ile ya 7,000, na kwa hivyo hulipa kila ukurasa mara nyingi zaidi ya mwenye nazo. Huu ndio uchungu wa jambo hili: asiyekuwa na fedha za kutosha leo ndiye anayeuziwa wino kwa bei ya juu kesho.

Gharama hii haiishii mfukoni, huingia katika maandishi. Nimewaona wenzangu wakisita kurekebisha sura ya pili kwa sababu kubadilisha aya moja ukurasa wa tatu kunasukuma kurasa zote zinazofuata. Wapo wanaokusanya maoni ya miezi mitatu ili wachapishe mara moja, na msimamizi anadhani wamelala. Wapo wanaotumia hali ya kubania wino, maandishi yakatoka kama yameandikwa kwa majivu, kisha mhadhiri akarudisha kurasa bila kuzisoma akisema macho yake si ya paka. Tunafundishwa kwamba uandishi ni kuandika upya. Basi ikiwa kila kuandika upya kuna ada, wanaoweza kuandika upya mara nyingi ni wale wenye uwezo, nasi huja kusema kwamba tasnifu zao zimeiva kwa sababu ya vipaji.

Najua jibu la wahadhiri wetu, na nusu yake naliafiki. Kusoma kwa karatasi kuna utulivu ambao kiwambo hakina. Maelezo ya pambizoni kwa kalamu nyekundu, mshale unaotoka sentensi moja hadi nyingine, alama ya kuuliza iliyochorwa kwa hasira: haya ni mafunzo, na mwanafunzi huyahifadhi miaka mingi. Sitaki yafe. Lakini vyuo vilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya korona, rasimu zilisomwa kwa barua pepe, maoni yakaandikwa pembeni kwenye tarakilishi, na watu wakatetea tasnifu wakiwa sebuleni kwao. Walifuzu. Milango ilipofunguliwa, katika idara niijuayo karatasi ilirudi siku ya kwanza kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini, wala hapana aliyeuliza kama bado anahitajika katika kila chumba. Rai yangu ni kwamba rasimu zote za awali zipokelewe kwa barua pepe, na karatasi ibaki kwa rasimu moja ya mwisho kabla ya utetezi, ambayo msimamizi ataisoma kwa kalamu yake nyekundu kwa raha zake. Tena hiyo ichapishwe pande zote mbili za karatasi. Kanuni ya upande mmoja ilikuwa na maana enzi za taipureta, wakati herufi zilipotoboa hadi nyuma.

Katika tenzi zetu za kale, ada ya kuanza kwa kuagiza kalamu, wino na karatasi inajulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anamwita mwana aketi karibu akiwa na vifaa vya kuandikia kabla usia haujaanza. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi walinakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, kazi iliyovisifisha visiwa vya Lamu. Tumezoea kuisoma ada hiyo ya kuagiza wino kama mapambo ya utangulizi. Mimi siku hizi huisoma kama bajeti. Mtunzi anaorodhesha vinavyohitajika, na msikilizaji anajua kwamba bila mtu wa kuvileta hapana utendi.

Nani basi ataleta wino kwetu? Nilidokeza habari ya matangi. Katika nchi kadhaa za Asia watumiaji walichoshwa na katriji mapema, wakawa wanatoboa mashine zao na kuziunganisha kwa mirija na chupa za wino zilizowekwa nje. Mafundi wa Nairobi nao waliijua kazi hiyo. Mwaka 2010 Epson iliamua kuuza yenyewe printa yenye matangi ya kujazwa kwa chupa, ikaanzia Indonesia. Canon ilifuata na mashine zake za namna hiyo mwaka 2015. Chupa moja ya wino mweusi ya mililita 65 inakadiriwa na mtengenezaji kutoa kurasa 4,500, nami nimeikuta madukani kwa shilingi 1,500 hivi. Hiyo ni kama senti 33 kwa ukurasa. Wino ni wa kampuni ile ile, chupa ina nembo ile ile. Tofauti ni kwamba mashine yenyewe huuzwa kwa bei yake halisi, shilingi 24,000 au karibu na hapo, na baada ya hapo mnunuzi na muuzaji hawadaiani.

Tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili ni shilingi 17,000. Kila ukurasa unaokoa shilingi 14 na senti 67. Kwa hiyo mashine ya tangi hufidia tofauti hiyo ikishachapisha kurasa 1,160 hivi, yaani rasimu za wanafunzi wawili na kidogo juu. Mwanafunzi mmoja peke yake hafiki huko kabla ya kuhitimu. Chama chenye wanachama 60 hufika kabla ya mwezi wa pili. Mashine hizi zina maradhi yake, na zikilala bila kazi matundu yake hukauka kama ya zile nyingine, lakini mashine ya chama hailali. Tukitoza shilingi 2 kwa ukurasa kwa mwenye karatasi yake, tutakuwa tumenunua wino, tumeweka akiba ya fundi, na bado tumemtoza mwanachama chini ya saiba yoyote.

Hoja hii nitaiwasilisha katika mkutano mkuu ujao, pamoja na barua kwa idara kuhusu rasimu za barua pepe. Wanaoiunga mkono wanaweza kutia sahihi kwa katibu. Kuna mambo mawili ambayo sijayapatia jawabu na ningependa wanachama waje nayo. La kwanza ni chumba, kwa kuwa mashine inahitaji mahali penye stima ya kutegemeka na kifaa cha kuilinda dhidi ya kukatika ghafla. La pili ni nani atakayeshika ufunguo mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, wakati wanafunzi wa kutwa wamekwenda kwao na walimu kutoka shuleni ndio wanaoingia chuoni na rasimu zao mkononi.